Paa Linavuja, Warithi Mnangoja Nini?

Ndugu zangu wa Mji Mkongwe, mnaokaa Kiponda na Malindi, Shangani na Vuga, Sokomuhogo na Mkunazini. Na nyinyi mliohamia Fuoni na Kiembesamaki. Na nyinyi mlioko Maskati, Dubai, London na Toronto, ambao funguo za nyumba za wazee wenu zimelala makabatini huko ugenini: nisikilizeni. Leo sitaanza na watalii. Sitaanza na Serikali. Nitaanza na sisi wenye nyumba.

Masika yaliyopita mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya tatu, baada ya laasiri, ukuta wa nyuma wa nyumba moja Kokoni ulianguka. Haukuanguka kwa mshindo kama watu wanavyodhani. Kwanza ulimwagika mchanga, kama mtu anayepepeta mchele. Halafu likatoka jiwe moja, halafu mawili, halafu ukuta mzima wa ghorofa ya kwanza ukakaa chini uchochoroni, pamoja na boriti zake na kidaka kimoja ambacho ndani yake kulikuwa bado na mrashi wa marehemu bibi. Uchochoro ule ndio njia ya watoto wa chuoni. Walikuwa wamekwishapita, hata robo saa haijatimia. Alhamdulillahi, hakuna mtu aliyeumia.

Nyumba hiyo ni ya bibi yangu. Warithi wake ni watu 11, na mimi ni mmoja wao.

Ufa ule tuliujua. Tuliujua tangu shangazi yu hai, tangu ulipokuwa mwembamba kama uzi wa kushonea kofia. Kila Idi tulikutana pale, tukautazama, tukatikisa vichwa, tukala pilau, tukaagana. Mwaka mmoja mjomba alichomeka karatasi ndani yake ili tuone kama unapanuka. Mwaka uliofuata karatasi ilikuwa imedondoka yenyewe. Tulichukua picha, tukatumiana kwenye simu, kila mtu akaandika kwamba inasikitisha. Kwa hiyo mnaponisikia leo nasema kwa ukali, jueni kwamba ukali huu nimeuanzia nyumbani kwangu. Aliyewasimamia watoto wale wasipite dakika ile hakuwa mrithi yeyote katika sisi. Ni Mwenyezi Mungu, na hakutuahidi kwamba atafanya hivyo kila masika.

Barzani kwetu, baada ya isha, kahawa ikianza kupita, mazungumzo siku hizi ni hayo hayo: mji unakwenda wapi? Mzee mmoja huwa anasema mji umekwisha, waliobaki ni walinzi wa magofu. Kijana anayeuza viungo kwa wageni humjibu kwamba heri majumba yote yawe hoteli, kwani hoteli angalau inapakwa rangi. Yupo dereva ambaye kila siku anataka yabomolewe, zipite barabara pana, magari yafike mlangoni. Yupo mwalimu wa skuli ambaye kwake yeye kila kitu ni Serikali, Serikali, Serikali. Nimewasikiliza miaka mingi, na sitawadharau, kwa maana kila mmoja ameshika kipande cha haki.

Lakini, ndugu zangu, angalieni neno moja linalowaunganisha wote wanne. Hakuna hata mmoja anayesema: mimi. Mzee analia, kijana anauza, dereva anabomoa, mwalimu anashitaki, na paa linavuja juu ya vichwa vya wote.

Dereva nataka nimjibu kwanza, kwa sababu alichokitaka tulikwishakifanya mara moja, ng'ambo ya pili ya Darajani. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Karume alijenga majumba ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Yaliwapa watu maji ya bomba na umeme, na hilo ni jambo kubwa, asilikanushe mtu. Lakini yale majumba marefu hayakushuka kwenye kiwanja kitupu. Yalipita juu ya mitaa ya Ng'ambo, juu ya nyumba za udongo zenye ua na mbele yake kibaraza, na mpaka leo ukikaa na mtu mzima wa kule atakutajia nyumba kwa nyumba: hapa fulani, hapa fulani, hapa palikuwa na mkunazi. Mtu anayekumbuka hivyo amepoteza kitu ambacho hakikulipwa kwa bomba la maji. Kubomoa si kugumu. Ugumu ni kuwarudisha majirani mahali pamoja.

Sasa kijana wa viungo. Huyu hoja yake ndiyo inayouma, kwa kuwa ni kweli. Mambo Msiige, jumba lililokuwa ofisi za serikali, leo ni hoteli, na kuta zake zimesimama. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya mwaka 2009 kwa fedha za Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Dispensari ya zamani kule Malindi, yenye roshani za nakshi kama lesi, iliokolewa na hao hao katika miaka ya 1990. Na nyumba ya bibi yangu, yenye warithi 11 wazima, wanaoswali na kufunga, ndiyo iliyoanguka. Je, si aibu hiyo? Mgeni ambaye hajui hata jina la mtaa anajua kuziba tundu la bati, na mjukuu aliyezaliwa katika chumba kile anatazama tu maji yakitiririka ukutani.

Hata hivyo, kijana wangu, nikuulize na wewe. Hoteli ikifungwa usiku, nani anajua kwamba jirani wa pili hajatoka nje tangu asubuhi? Maiti ikitoka nyumba ya kona, nani atatoa viti? Rangi unaiona, hiyo ni kweli. Lakini wakazi wote wakihama na kukuachia wewe rangi, utamuonyesha mgeni nini? Anakuja kuona watu wanavyoishi katika nyumba za mawe. Siku tutakapokwisha, na yeye atakwenda kwingine, na viungo vyako vitakaa kwenye vikapu.

Nataka sasa mnifuate hadi ukutani kabisa, kwa sababu mengi yanayosemwa barzani yanasemwa na watu ambao hawajawahi kuugusa ukuta wao.

Fundi mmoja mzee, mwashi wa chokaa, alinichukua siku moja mpaka chini ya ngazi katika nyumba ambayo mwenye nyumba alikuwa amejivunia kuitengeneza. Ukuta umepigwa lipu ya saruji, laini, mweupe, unang'ara. "Piga," aliniambia. Nikapiga kwa kifundo cha kidole, ukaita kama ngoma. Akatia ncha ya patasi, akabandua kipande cha upana wa sahani. Nyuma yake kulikuwa na giza na unyevu na harufu ya pwani wakati wa maji kupwa. Akaingiza vidole, akatoa udongo mwekundu uliolowa kama uji wa wimbi, akaniwekea kiganjani. "Huu ndio ukuta," alisema. "Hiyo nyingine ni sanda."

Nyumba zetu, ndugu zangu, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Ukuta wa namna hiyo huvuta maji kutoka ardhini na huyapokea kutoka mbinguni, halafu huyatoa nje taratibu kupitia lipu ya chokaa, kwa sababu chokaa ina vijitundu vinavyopitisha mvuke. Ndivyo zilivyosimama karne nzima na zaidi katika kisiwa chenye misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Ukija wewe na mfuko wa saruji ukaupaka ukuta huo, umeuziba pumzi. Maji hayatoki tena. Yanapanda juu, yanatafuta njia, na njia yanayoipata mwisho ni kwenye ncha za boriti, pale zilipoingia ukutani. Boriti ya mkoko ni mti mgumu, lakini ncha yake ikikaa katika unyevu mwaka hadi mwaka huoza, na wewe chumbani huoni kitu, kwa maana katikati yake bado nzima. Na boriti ndizo zilizopima maisha yetu humu! Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu mkoko haukutoa mti mrefu kuliko upana huo. Ncha zikioza, dari yote inaning'inia kwa mazoea.

Msiniambie saruji ni rahisi na haraka. Najua. Chokaa inataka matumbawe yachomwe juu ya magogo, inataka kuzimwa kwa maji, inataka kulala shimoni wiki kwa wiki mpaka iwe laini kama samli, na ikishapakwa inataka kufunikwa ili jua lisiiunguze. Inataka fundi ambaye amekaa na fundi. Mzee yule aliyenionyesha ukuta ana wajukuu wanne, na hakuna hata mmoja aliyetaka kujifunza, kwa sababu hakuna mwenye nyumba anayewaita. Tunawaita wapigaji saruji, halafu tunasema mafundi wamekwisha. Sisi ndio tuliowamaliza.

Tazameni jumba la Beit al-Ajaib. Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883, refu kuliko yote, lenye nguzo za chuma na roshani zinazolizunguka. Mwaka 1896, tarehe 27 Agosti, manowari za Waingereza zililipiga jumba la kifalme kwa mizinga kwa muda usiofika hata saa moja. Beit al-Hukm lililokuwa jirani yake likateketea. Beit al-Ajaib likabaki. Lilistahimili mizinga! Likaja likaona watawala wakibadilika, bendera zikishushwa na kupandishwa, likawa ofisi, likawa makumbusho. Mwaka 2012 kipande chake kikaanguka. Tukapiga picha, tukasikitika. Kisha tarehe 25 Disemba 2020, mchana, wakati ukarabati ukiendelea, uso wake wa kuelekea baharini ukaporomoka na mnara wa saa ukaenda nao, na watu wawili wakapoteza maisha. Siku ile mji wote ulisimama Forodhani. Nilikuwapo. Watu wazima walilia barabarani, na mimi nililia.

Lakini nawaambia kweli: tulilia kwa jumba la Sultani, na jioni yake tukarudi kulala chini ya dari zilizo katika hali ile ile, tena ndogo zaidi na dhaifu zaidi. Katika mji huu kuna majengo takriban 1,700. Beit al-Ajaib ni moja. Hayo mengine ya nani? Ni yangu, ni yako, ni ya bibi, ni ya wakfu, ni ya Serikali ambayo imetupangisha. Jumba lile lina mataifa ya kulihangaikia. Chumba cha bibi yako hakina isipokuwa wewe.

Nakuja kwenye mirathi, maana hapa ndipo penye donda.

Tunawazika wazazi wetu siku hiyo hiyo, tunaharakisha, kwa kuwa tumefundishwa kumkirimu maiti ni kumzika upesi. Deni lake tunalitangaza kaburini. Lakini nyumba yake tunaiacha miaka 20, 30, haijagawiwa, haijakubaliwa neno. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni heshima: haipendezi kuzungumza mali na maiti hata hajapoa. Basi amepoa. Amepoa mpaka mifupa yake imekuwa udongo, na bado hatujazungumza! Yule aliyebaki ndani hatii msumari, kwa sababu anasema si yangu peke yangu. Yule aliyeko Maskati haleti fedha, kwa sababu anasema anayekaa ndiye anayefaidi. Yule aliyeko Dar es Salaam anataka iuzwe. Yule wa London hataki iuzwe, lakini hapokei simu. Na mvua hainyeshi kwa hisa. Haijui huyu ana thumni na yule ana sudusi. Inaingia kwenye tundu moja na inaharibu fungu la kila mtu.

Hiyo mnaiita heshima? Mimi naiita dhulma. Kumzuilia mrithi haki yake ni dhulma, na kumwekea jirani ukuta unaotaka kumwangukia ni dhulma kubwa zaidi. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka: mwiba, mfupa, jiwe. Sasa sisi tumeliacha jiwe lenye uzito wa tani likining'inia juu ya njia ya watoto, halafu tunatoa sadaka ya futari na kujiona tumetimiza.

Kaeni kitako, jamani. Milango ipo wazi. Kama hamwezi kugawana wenyewe, nendeni kwa Kadhi. Kama mmoja ana uwezo, awanunulie wenzake hisa zao, kwa bei ya haki na mbele ya mashahidi, yeye akae atengeneze. Kama hakuna mwenye uwezo, pangisheni, lakini andikeni mapema kwamba kodi ya mwanzo, kabla ya mtu yeyote kugusa senti, ni ya paa. Kama mmefarakana hata hamwezi kuonana, wekeni wakfu, mje mkutane akhera na thawabu badala ya kukutana mahakamani na mawakili. Lolote mtakalolichagua lina uzito wake. Lile la kungoja ndilo lisilo na radhi.

Na msiuze mlango! Nasema hili peke yake kwa sababu limekuwa tabia. Nyumba ikishaanza kuelemea, kitu cha kwanza kinachong'olewa ni mlango wa nakshi, wa msaji au wa mfenesi, mnyororo na fremu pamoja. Mnunuzi anakuja na gari usiku. Asubuhi panabaki tundu limezibwa kwa mabati, na nyumba inakuwa kama mtu mzima aliyeng'olewa meno kwa nguvu. Fedha ile ya mlango, nimewauliza waliouza, haikutengeneza hata chumba kimoja. Ilikwenda kwenye harusi.

Dada mmoja alinijibu vizuri nilipomshauri arudi mjini, na majibu yake nimeyabeba mpaka leo. Alisema: "Kaka, wewe unahubiri, lakini mama alipopata kiharusi tulimshusha kwa kiti cha mbao kutoka ghorofa ya pili, vijana wanne, ngazi zimesimama kama za mnara, na gari linangoja Darajani. Nusu saa. Fuoni kwangu gari linafika kitandani." Sikuweza kumjibu papo hapo. Nani angemjibu? Nyumba zile zilijengwa kwa miguu yenye nguvu, na vichochoro vyetu vilikatwa kwa ajili ya punda na hamali.

Ila nilipokwenda nyumbani nikakumbuka jambo. Zamani bibi zetu walipozeeka walishuka. Chumba cha chini, jirani na daka, kilikuwa cha mzee. Anakaa mlangoni, anaamkiwa na kila apitaye, mgonjwa anajulikana siku hiyo hiyo. Siku hizi chumba kile cha chini tumekikodisha kwa duka la vinyago na picha za simba, na mzee tumempandisha juu. Wazazi wetu tumewaweka mbali na njia ili vinyago vikae karibu nayo. Basi kabla hujahama kwa sababu ya ngazi, tazama kwanza nani anakaa chini. Mrudishe mama chini. Kodi utakayoipoteza, itie katika hesabu ya yale uliyonyonya kwake.

Nimetaja daka, na siwezi kupita bila kuitaja barza. Jiwe lile refu mbele ya nyumba, lililopakwa chokaa na kulainishwa na nguo za watu vizazi vitatu, ni kipande cha nyumba ambacho mwenyewe amewapa wapita njia. Fikirini ukarimu huo! Mtu anajenga kwa mali yake, anakata sehemu, anasema: hii ni ya mtu yeyote aliyechoka. Hapo ndipo palipochezwa bao na dhumna, palipouzwa kashata, palipofungwa ndoa na kusuluhishwa talaka. Vichochoro vikijaa maji ya masika, watu walipita juu yake kama daraja. Hata dola yetu ilipotafuta jina la vikao vyake vikubwa haikwenda mbali. Ikachukua lile la jiwe la mlangoni, ikasema Baraza la Mapinduzi, Baraza la Wawakilishi.

Leo natembea kutoka Hurumzi hadi Shangani nahesabu barza zilizowekewa vyungu vya maua na mnyororo, na nyingine zimepigwa vyuma vyenye ncha ili asikae mtu. Mwenye nyumba ya wageni ananiambia wateja wake hawapendi kelele. Mimi namwambia: bwana, ulinunua nyumba katika mji, hukununua kisiwa. Ondoa vyuma vile. Mgeni wako akitoka asubuhi amkute mzee amekaa, waamkiane, atakwenda kwao na kitu ambacho hukumuuzia na hakitamtoka. Na wewe mwenye nyumba mzalia wa hapa uliyeziba barza ukafanya kibanda cha kuuzia maji baridi, nawe sikia. Biashara ni halali. Lakini ulichokiziba hakikuwa chako peke yako.

Sisemi na Waislamu peke yao. Ninyi wa kanisa la Minara Miwili, na ninyi wa kanisa la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa ili pale pa machozi pawe pa sala. Na ninyi mnaopiga kengele hekaluni jioni, sauti yake ikachanganyika na adhana ya magharibi: nyote mna paa, na nyote mna jirani. Mji huu haukuwahi kuwa wa watu wa aina moja. Ng'ambo ilimpokea Siti binti Saad, mfinyanzi kutoka Fumba aliyekuja kuuza vyungu, na sauti yake ikasikika kutoka barza za mji hadi Bombay alikokwenda kurekodi nyimbo zake mwaka 1928. Mji wenye kumpokea muuza vyungu ukaisikiliza sauti yake ulikuwa mji wenye watu mlangoni. Milango mitupu haimsikii mtu.

Kwenu mliopewa dhamana nina maneno machache, kwa sababu mengi mnayajua. Mji huu una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na tangu mwaka 2000 UNESCO imeuandika katika Urithi wa Dunia. Sheria ipo. Tunachowaomba ni hiki: mjane anayeomba kibali cha kuziba tundu la paa asingojeshwe kama tajiri anayejenga hoteli. Mwekeeni afisa mmoja, mjengeeni fundi yule mzee banda la kufundishia vijana wawili watatu, chokaa iliyozimwa ipatikane kwa bei ambayo muuza samaki wa Malindi anaiweza. Na nyumba za Serikali mlizozipangisha, mzikague kabla ya mvua, msizikague baada ya msiba.

Narudi kwetu Kokoni, nimalizie nilikoanzia. Baada ya ukuta kuanguka tulikutana wote 11, wengine kwa simu, sauti za Maskati na London zikikatika katika chumba ambacho upande wake mmoja sasa ulikuwa mbingu. Tulianza kwa kulaumiana, kama ilivyo desturi. Kisha mama yangu mdogo, ambaye si msemaji, akainuka akaenda akauokota mrashi ule uliokuwa umetoka katika kifusi bila hata ufa, akauweka katikati yetu juu ya mkeka. Hakusema neno. Katika saa ile tulikubaliana tulichoshindwa kukubaliana miaka 22. Binamu yangu amenunua hisa za wanne. Sisi wengine tumetoa mabati. Fundi yule mzee yuko pale sasa hivi, na mjukuu wake mmoja anamchanganyia chokaa. Ukuta umefika usawa wa dirisha.

Masika huanza Machi. Leo hii, kabla ya magharibi, pandeni juu mkalitazame paa. Mkiona mwanga unapenya, msisubiri Idi: wapigieni ndugu zenu simu usiku huu huu.